Kabla ya Kununua Amplifaya, Nunua Umeme Wake

Mpwa wangu alifika nyumbani kwangu Tanga jioni moja na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na bodi ya amplifaya isiyozidi kiganja cha mkono, spika mbili alizozing'oa kwenye sabufa iliyokufa, na adapta ya ruta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Amplifaya. Nadhani nimeuziwa mbovu. Ikilia taratibu haina neno. Nikipandisha, besi ikiingia tu, inakata. Inakata, inarudi, inakata tena."

Niligeuza ile adapta nikasoma: volti 12, ampea 2. Ukizidisha unapata wati 24. Bodi yenyewe ilikuwa imechapwa wati 100 mara mbili. Kijana alitaka wati 200 zitoke kwenye adapta isiyotoa hata 25. Nikamletea adapta ya laptop yangu ya zamani, ya volti 19 na ampea 4.74, tukaunga, akapandisha sauti mpaka shangazi yake akaja kusimama mlangoni. Bodi haikuwa na kasoro yoyote.

Kisa cha namna hii nimekiona mara nyingi mno, na mara nyingi mwenye bodi huwa ameshaitupa na kununua kubwa zaidi, ambayo nayo inamfanyia vilevile. Watu huchagua amplifaya kwa kusoma wati zilizochapwa juu yake, halafu umeme wa kuilisha wanauokoteza. Kwa amplifaya za zamani mazoea hayo yalivumilika kidogo. Kwa hizi za klasi D, ambazo sasa zimejaa kwenye sabufa, kwenye spika za bluetooth na kwenye bodi za kujiundia, hayavumiliki. Ushauri wangu ni kwamba ukiwa na bajeti ya kuunda mtambo mdogo wa sebuleni, tenga fedha ya pawa saplai kwanza, kisha ndipo utafute bodi inayolingana nayo. Nitaeleza kwa nini.

Chukua taa ya chumbani. Unaweza kupunguza mwanga wake kwa kuweka kizuizi kwenye waya. Mwanga utapungua, lakini kile kizuizi kitapata moto kwa sababu umeme ambao haukwenda kwenye taa umeishia pale. Hivyo ndivyo amplifaya za kawaida za zamani, za klasi AB, zinavyofanya kazi: transista inafunguka nusu, robo, robo tatu, kufuata muziki, na kinachobaki kinakuwa joto. Ndiyo maana zina hitisinki kubwa. Njia ya pili ni kuiwasha na kuizima ile taa kwa kasi kubwa sana. Ikiwaka nusu ya muda na kuzimika nusu ya muda, jicho litaona mwanga wa wastani, na swichi haitapata moto, kwa sababu ikiwa imefungwa kabisa au imefunguka kabisa haipotezi kitu cha maana. Klasi D ndiyo hiyo njia ya pili. Transista zake huwaka na kuzima mara laki tatu, nne, hata sita na zaidi kwa sekunde, na muziki umebebwa katika urefu wa kila kuwaka. Mwishoni pana koili na kapasita zinazolainisha vile vipande, ili spika ipate wimbi la sauti na si makelele ya swichi. Sehemu inayopotea kuwa joto ikifanya kazi kwa nguvu ni kama asilimia 10 tu. Na hiyo herufi D haina maana ya dijitali, ingawa wauzaji wengi husema hivyo. Zilikuwapo klasi A, B na C. Iliyofuata ikapewa D.

Sasa jiulize: kinachokatwakatwa pale ni nini? Ni umeme wa pawa saplai wenyewe. Kila swichi inapofunguka, spika inakuwa imeungwa karibu moja kwa moja na pawa saplai, katikati pakiwa na koili tu. Sauti unayoisikia ni ule umeme, uliokatwa vipande na kulainishwa. Ukishuka, muziki unashuka nao. Ukiwa na mvumo ndani yake, ule mvumo unataka kupita kwenda kwenye spika, na kinachouzuia ni saketi ya mrejesho inayolinganisha kinachotoka na kilichoingia na kusahihisha tofauti. Kwenye klasi AB transista inasimama katikati kama mlinzi, ikimeza mabadiliko mengi ya umeme kabla hayajafika kwenye spika. Klasi D haina mlinzi huyo.

Wazo la klasi D si geni. Mwaka 1964 Clive Sinclair wa Uingereza aliuza vifurushi vya kujiundia vya amplifaya ya namna hii, iliyoitwa X-10, ila transista za wakati ule zilikuwa za polepole mno kwa kazi hiyo. Ilibidi transista za kasi zaidi, yaani mosfeti, zije, na kisha watu wapate akili ya kuusahihisha umeme kwa haraka. Katika hili la pili ametajwa sana Bruno Putzeys, mhandisi wa Ubelgiji, ambaye akiwa Philips alibuni mtindo wa kuuchukua mrejesho baada ya koili badala ya kabla yake. Baadaye alikwenda Hypex ya Uholanzi, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa Purifi huko Denmaki. Moduli za kampuni hizo mbili ni miongoni mwa amplifaya zenye upotoshaji mdogo kabisa wa sauti, za klasi yoyote. Nazitaja ili msomaji asidhani klasi D ni jina jingine la kitu cha bei rahisi. Bodi ya mpwa wangu, kama zilivyo nyingi za bei ya chini, huchukua mrejesho kabla ya koili, kwa hiyo ubora wa koili na aina ya spika vinaigusa sauti nyembamba moja kwa moja.

Turudi kwenye hesabu, maana hapa ndipo fedha zinapookolewa. Bodi nyingi ndogo huunga spika katikati ya jozi mbili za swichi, moja kila upande, kiasi kwamba spika inaweza kupata volti zote za pawa saplai upande wowote. Kwa bodi kama hizo, wati za juu kabisa kabla sauti haijaanza kupasuka hupatikana hivi: zidisha volti za pawa saplai zenyewe kwa zenyewe, kisha gawa kwa omu za spika mara mbili. Volti 12 kwa spika ya omu 4 ni 144 gawa kwa 8, yaani wati 18. Volti 19 ni wati 45. Volti 24 ni wati 72. Ukiweka spika ya omu 8, kila jibu linakuwa nusu yake. Kwa kweli utapata pungufu kidogo, kwa sababu transista na koili zina ukinzani wake, lakini kamwe hutapata zaidi ya hapo bila sauti kupasuka, hata kama bodi imeandikwa wati elfu.

Aisii iliyokuwa kwenye bodi ya mpwa wangu ni TPA3116D2 ya Texas Instruments, ambayo imesambaa kuliko nyingine yoyote ninayoiona mitaani. Waraka wa watengenezaji wenyewe unasema inatoa wati 50 kwa kila upande kwenye spika ya omu 4 ikilishwa volti 21, na kipimo hicho kimechukuliwa sauti ikiwa imepotoshwa kwa asilimia 10, kiwango ambacho sikio lolote linakisikia. Hizo 100 mara mbili zilizochapwa kwenye bodi hazina mahali pa kutoka. Kuhusu zile namba kubwa zinazofuatwa na herufi PMPO kwenye maboksi ya sabufa, hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa cha kuzipata. Zipuuze kabisa.

Mpwa wangu, alipoona hesabu hii, alitaka kukimbilia volti 24. Nilimzuia. Kutoka wati 45 kwenda 72 ni ongezeko la desibeli 2 tu, na tofauti hiyo sebuleni utaitafuta kwa tochi. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji wati mara kumi hivi. Spika inayolia kwa desibeli 90 kwa wati moja itamshinda mwenye spika ya desibeli 87 na amplifaya yenye nguvu maradufu... au, kwa usahihi, watakuwa sawa, na mmoja wao atakuwa ametumia fedha nyingi zaidi. Anayetoka volti 12 kwenda 19 au 24 ndiye atakayesikia tofauti ya kweli.

Volti zinaamua kilele cha sauti. Ampea zinaamua kama utakifikia bila kukatika. Adapta ya kisasa ina ulinzi ndani yake: ukiomba mkondo kupita uwezo wake, inajizima kwa nukta chache, inajaribu tena, inajizima tena. Ile "inakata, inarudi" ya mpwa wangu ndiyo hiyo. Pigo moja la besi kwenye spika ya omu 4 kwa volti 12 linaweza kuomba ampea 3 kwa upande mmoja, 6 kwa pande zote mbili, na adapta yake ilikuwa na 2.

Je, inabidi basi pawa saplai iwe na wati sawa na jumla ya wati za amplifaya? Kwa nyumbani, hapana. Muziki haukai kileleni. Ngoma inapiga, inanyamaza. Mwimbaji anavuta pumzi. Wahandisi wanapopima joto la amplifaya kwa matumizi ya kawaida hutumia moja ya nane ya wati zake kamili, kwa kuwa muziki unaogusa vilele wastani wake hauko mbali na hapo. Mimi hutumia kanuni hii: jumlisha wati za pande zote mbili kwa hesabu ile ya juu, na nunua pawa saplai isiyopungua nusu ya jumla hiyo. Kwa anayesikiliza taarabu asilia ya hapa kwetu Tanga hiyo inamtosha na kubaki. Kwa anayepiga singeli au amapiano sauti ikiwa juu saa nzima, besi haipumziki, kwa hiyo apande mpaka afikie jumla kamili. Adapta ya laptop ya wati 90, kwa aisii ile na spika za omu 4, inaingia vizuri katika makundi yote mawili. Ya wati 65 inamtosha mwenye spika za omu 8.

Adapta za laptop nazipenda kwa sababu zimetengenezwa kukaa kwenye umeme siku nzima mapajani mwa watu, na nyingi zinakubali umeme wowote kuanzia volti 100 hadi 240. Jioni mtaa mzima unapowasha pasi na majiko, umeme ukashuka hadi volti 170, zenyewe hazitikisiki. Ila jihadhari na zile zenye mdomo wa USB-C. Hizo hutoa volti 5 tu mpaka kifaa kilichoungwa kiombe zaidi kwa lugha yake, na bodi ya amplifaya haiijui lugha hiyo.

Wapo wanaopenda transfoma ya chuma, nami nimekulia nayo. Ina uzito, haina makelele ya swichi, na huvumilia pigo la ghafla bila kukata. Lakini kosa linaloua bodi nyingi kuliko yote linatoka hapa. Mtu anasoma kwenye bodi "volti 24", anakuta transfoma imeandikwa 24, anaweka dayodi nne na kapasita, anaunga, moshi unatoka. Ile 24 ya transfoma ni ya umeme wa AC. Ukishanyooshwa na kulala kwenye kapasita, volti zinazidishwa kwa 1.41, ukitoa kama 1.4 zinazobaki kwenye dayodi. Kwa hiyo 24 inakuwa zaidi ya 32. Aisii ile imeandikiwa kufanya kazi hadi volti 26, na ikipita 30 inakufa. Hata transfoma ya 18, ambayo kwenye karatasi inatoa 24 safi, mimi siiamini. Namba iliyochapwa juu ya transfoma ni ya wakati imebebeshwa mzigo wake kamili. Ikiwa haina kazi, hasa transfoma ndogo, volti zinaweza kupanda kwa asilimia 10. Ongeza usiku wa manane, watu wamelala, umeme wa mtaani umefika 250. Sasa unakaribia volti 29 za DC. Transfoma ya 15, katika hali hiyohiyo mbaya, inafika 24 tu. Chukua ya 15.

Na zile za 12-0-12 zilizomo ndani ya sabufa za zamani zina hatari yake. Zimekusudiwa kutoa umeme wa pande mbili, chanya na hasi, na sifuri katikati. Ukiunga ncha mbili za nje na kuiacha ya katikati, umepata 24 za AC, na tumesharudi kwenye moshi.

Iwapo hutaki transfoma wala adapta, kuna pawa saplai za chuma chenye matundu zinazotumika kwa taa za LED za mapambo, za volti 24, 36 na 48. Mle ndani umeme wa ukutani unanyooshwa kwanza hadi kama volti 325, unakatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde au zaidi, kisha unapitishwa kwenye transfoma ndogo ya feraiti. Transfoma hiyo ni ndogo kwa sababu ya kasi: umeme unavyogeuka haraka ndivyo inavyohitajika feraiti kidogo. Ukitazama vizuri utaona ni kazi ileile ya klasi D, na ndiyo maana vitu hivi viwili vimekua pamoja kama mapacha. Zenye sifa nzuri, kama za Mean Well ya Taiwan, zinatoa kinachoandikwa. Nyingine, zilizo na boksi kama hilo na bei ya chini zaidi, ukizibeba tu utahisi wepesi usio wa kawaida. Fungua skrubu ukiwa bado dukani, kama muuzaji anakubali, utazame kama kuna koili ya kuzuia makelele upande wa kuingilia umeme au pameachwa nafasi tupu.

Kwenye boksi hizi nyingi kuna swichi ndogo nyekundu pembeni, imeandikwa 115 na 230. Itazame kabla ya kuunga chochote. Ikiwa imeachwa kwenye 115 na wewe ukaiwasha kwa umeme wetu, utasikia mlipuko. Kuna pia skrubu ya kurekebisha volti. Nayo usiizungushe bila mita mkononi. Skrubu za kuungia umeme wa ukutani ziko wazi kwa mbele, kidole cha mtoto kinafika bila shida, kwa hiyo boksi hili liwe ndani ya boksi jingine, na waya wa ethi uungwe kweli, usiachwe ukining'inia. Na ukishachomoa plagi, kapasita za ndani bado zinashikilia volti zaidi ya 300 kwa muda. Fundi mzoefu huzipima kabla ya kuzigusa, kila mara, hata kama amefanya kazi hiyo miaka thelathini.

Waya wa kutoka pawa saplai kwenda kwenye bodi uwe mfupi na mnene, milimita 1.5 za mraba si nyingi kwa mtambo wa wati 100. Kwenye bodi yenyewe tazama kapasita kubwa: kama unalisha volti 24 na kapasita imeandikwa 25, ibadilishe uweke ya 35. Lakini usiingiwe na tamaa ya kurundika makapasita kama walivyofanya wazee wetu kwenye transfoma. Pawa saplai ya swichi ikikutana na maikrofaradi elfu ishirini tupu inaziona kama shoti, inakataa kuwaka.

Sasa jambo ambalo limeunguza bodi nyingi mikononi mwa watu wanaojua kabisa kuunga waya. Kwa kuwa spika imekaa katikati ya jozi mbili za swichi, waya zake zote mbili zina umeme. Ile nyeusi si ethi, si sifuri. Ukiunga nyeusi ya kulia na nyeusi ya kushoto pamoja, kama ilivyozoeleka kwenye redio za zamani, au ukaigusisha na boksi la chuma, umepiga shoti. Aisii nzuri itajizima, bandia inaungua. Kwa sababu hiyohiyo usiunge headifoni kwenye matokeo hayo, wala usichukue waya hizo kuzipeleka kwenye amplifaya nyingine kama ishara.

Kwa wanaotumia sola, klasi D imekuja kama riziki. Ile bodi ya mpwa wangu inakubali volti kuanzia 4.5, kwa hiyo betri ya 12 inailisha moja kwa moja. Watu wengi huwasha inveta, inageuza 12 kuwa 230, kisha wanachomeka adapta inayorudisha 230 kuwa 19, na kila hatua inakula sehemu yake ya umeme mlioukusanya juani mchana kutwa. Acheni hiyo inveta. Sauti ya kawaida sebuleni ni wati 1 au 2 kwa kila spika. Pamoja na matumizi ya bodi yenyewe tukadirie wati 8. Kwenye betri ya 12 hiyo ni chini ya ampea moja. Betri ya ampea-saa 50, ukitumia nusu tu ili isichakae haraka, inakupa zaidi ya saa 30 za muziki. Weka fyuzi ya ampea 5 au 7.5 karibu kabisa na betri, si karibu na amplifaya, kwa sababu kinachoweza kuwaka moto ni waya ulio katikati.

Wenye mfumo wa betri wa volti 24 wasidanganyike na jina. Betri hizo zikiwa zinachajiwa jua kali hufika volti 28.8, na zile za lithiamu-chuma-fosfeti 29.2. Aisii yenye mwisho wa 26 itajizima mchana na kuwaka jioni, na mwenyewe atadhani ina jini. Huko tumia bodi iliyoandikiwa volti 36 au zaidi, au weka kishusha volti katikati. TPA3255, kubwa ya ukoo uleule, inafika 53.5 na haina tatizo na betri hizo, ingawa inataka hitisinki ya kweli na pawa saplai ya 36 au 48 ili ikuonyeshe nguvu zake.

Mtu atakayekwenda mbali zaidi, kwenye moduli zinazotumia umeme wa pande mbili, chanya na hasi, huku kila spika ikiwa na jozi moja tu ya swichi, atakutana na jambo la ajabu. Besi nzito inapolia, koili hurudisha nishati kwenye pawa saplai, kwenye upande ambao wakati huo hautumiki. Pawa saplai nyingi za swichi hazijui kupokea umeme unaorudi, kwa hiyo volti za upande huo zinapanda na kupanda mpaka ulinzi unazima kila kitu. Fundi anabadilisha moduli, tatizo linabaki. Dawa ni rahisi: geuza ishara inayoingia upande mmoja, kisha geuza waya za spika ya upande huohuo ili sauti irudi kuwa sawa. Sasa kinachorudishwa na kulia kinatumiwa na kushoto papo hapo.

Kelele ndogondogo. Mlio mwembamba kama wa mbu, ukiwa umeweka moduli ya bluetooth kwenye pawa saplai moja na amplifaya, unatoka kwenye sifuri wanayochangia. Kigeuzi kidogo cha volti 5 kwenda 5 chenye utenganisho ndani yake, kama B0505S, kinaumaliza. Redio ya mawimbi ya kati ikikoroma amplifaya ikiwashwa, ni kasi ya swichi na vizidisho vyake vinavyoangukia mle mle. Kilohezi 400 ina ndugu yake 800 na 1200. Sogeza redio, fupisha waya za spika. Na mtekenyo unaousikia kidoleni ukigusa boksi la amplifaya inayolishwa na adapta ya plagi isiyo na ethi ni mkondo mdogo sana unaovuja kwenye kapasita ya kuzuia makelele. Ukiwa ni mtekenyo tu, ndivyo adapta hizo zilivyo. Ukiwa ni pigo, chomoa na usiirudishe.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, usichomeke moja kwa moja ukutani. Unga balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 60 au 100, kwa mfuatano na pawa saplai. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikikaa inawaka kwa nguvu, zima, kuna kosa, na umeokoa kila kitu kwa bei ya balbu. Baada ya hapo toa balbu, na pima kwa mita volti zinazofika kwenye bodi. Kisha, spika zikiwa bado hazijaungwa, weka mita kati ya waya mbili za spika moja. Unatafuta kiasi kidogo sana cha DC, milivolti chache, na hata ikifika 30 au 50 usiogope. Ukikuta volti nzima, usiunge. Ukikuta sawa, anza na spika usiyoililia, sauti ikiwa chini kabisa, na uguse aisii kwa kidole kila baada ya dakika chache katika nusu saa ya kwanza.